Arrhenius: Mswidi aliyekokotoa joto la dunia kwa kalamu na karatasi

KABLA ya kompyuta kuvumbuliwa, na kabla ya neno tabianchi kuzoeleka vinywani mwa watu, mwanakemia mmoja wa Uswidi alikuwa tayari amekadiria jinsi joto la dunia lingepanda iwapo gesi ya kaboni dayoksaidi ingeongezeka maradufu hewani. Jina lake lilikuwa Svante Arrhenius. Msingi wa hesabu yake umedumu kwa zaidi ya karne moja. Faraja aliyowapa wasomaji wake kutokana na hesabu hiyo haikudumu.

Arrhenius alizaliwa Februari 19, 1859, mahali paitwapo Vik, karibu na mji wa Uppsala. Baba yake alikuwa mpimaji wa ardhi, na kijana huyo aliipenda hesabu tangu utotoni.

Usomi wake ulikaribia kukatizwa mapema. Mwaka wa 1884 aliwasilisha tasnifu ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Uppsala kuhusu namna umeme unavyopita katika maji yenye chumvi. Baadaye angeeleza wazi kwamba chumvi inapoyeyuka hugawanyika kuwa chembechembe zenye chaji ya umeme. Wahadhiri wake hawakuvutiwa. Walimpa alama ya chini kiasi kwamba matumaini ya kufundisha chuoni humo yalififia. Aliyemwokoa ni mwanakemia Wilhelm Ostwald wa Riga, ambaye aliutambua uzito wa kazi hiyo na kufunga safari hadi Uppsala kumwona. Mwaka wa 1903, nadharia hiyo iliyodharauliwa ilimfanya Arrhenius kuwa Mswidi wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel.

Hata hivyo, anakumbukwa zaidi leo kwa kazi nyingine, ambayo haikumletea tuzo yoyote. Katika miaka ya 1890, akiwa mwalimu jijini Stockholm, wanasayansi walikuwa wakibishana kuhusu chanzo cha enzi za barafu. Ni nini kilichoifunika Ulaya ya kaskazini kwa barafu, kisha kikaiondoa? John Tyndall, mzawa wa Ireland, alikuwa amethibitisha kwa majaribio tangu mwaka wa 1859 kwamba mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi hunasa joto linalotoka ardhini. Arrhenius alitaka kujua kiasi chake: gesi hiyo ikipungua au ikiongezeka, joto lingebadilika kwa nyuzi ngapi?

Alianza kukokotoa mkesha wa Krismasi mwaka wa 1894. Kazi hiyo ilimchukua takriban mwaka mzima, wakati ndoa yake na Sofia Rudbeck, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, ikisambaratika. Walitalikiana mwaka wa 1896.

Aliigawa dunia katika mikanda kuanzia kusini hadi kaskazini, na mwaka katika misimu minne. Alitumia vipimo vya Mmarekani Samuel Langley, aliyekuwa amepima joto linalotoka mwezini, ili kujua ni kiasi gani hunaswa na hewa kabla ya kufika ardhini. Ugumu ulikuwa katika mvuke wa maji. Hewa ikipata joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvuke huo nao hunasa joto zaidi. Hivyo kila jibu lilimlazimu kurudia hesabu upya, mkanda kwa mkanda, msimu kwa msimu. Njia hiyo ndiyo babu wa vielelezo vya tabianchi ambavyo kompyuta za leo huvikokotoa.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1896. Gesi hiyo ikiongezeka maradufu, joto la dunia lingepanda kwa nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi. Alitambua pia kwamba maeneo ya kaskazini ya mbali yangepata ongezeko kubwa kuliko ikweta, na majira ya baridi kuliko ya joto.

Mwenzake, mwanajiolojia Arvid Högbom, alikuwa amekadiria gesi inayotokana na viwanda. Wakati huo dunia ilichoma takriban tani milioni 500 za makaa ya mawe kwa mwaka, na Arrhenius alidhani kwamba ongezeko kubwa lingechukua maelfu ya miaka.

Hakuyafungia maarifa hayo maktabani. Alitoa mihadhara kwa umma, na mwaka wa 1906 akachapisha kitabu Världarnas utveckling, kilichoandikiwa msomaji wa kawaida na kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka wa 1908. Humo alikiri kwamba viwanda vilikua kasi, na kwamba mabadiliko yangeweza kuonekana katika karne chache tu. Lakini aliyaona kuwa neema: nchi za baridi zingepata hali nzuri zaidi, na mashamba yangetoa mazao mengi kwa binadamu waliokuwa wakiongezeka.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Arrhenius aliandika kutoka Stockholm, ambako majira ya baridi ni marefu. Hesabu yake haikupima ukame, mafuriko wala bahari kupanda, na wakazi wa nchi zenye joto hawakuwa na nafasi katika matumaini yake. Imani hiyo kwamba sayansi ingeleta heri tupu ilikuwa na upande wa giza pia, kwani alikaa katika bodi ya chama cha Uswidi cha usafi wa mbari, kilichoasisiwa mwaka wa 1909.

Wanasayansi wenzake nao walimpinga, ila kwa sababu nyingine. Mwaka wa 1900 Knut Ångström alidai kwamba gesi iliyokuwepo ilikuwa tayari imenasa joto lote iliyoweza kunasa, hivyo nyongeza isingebadili kitu. Hoja hiyo ilisahau tabaka za juu za hewa, ambazo ni nyepesi, lakini wengi waliikubali kwa miongo kadhaa. Arrhenius alifariki jijini Stockholm Oktoba 2, 1927, swali lake likiwa limewekwa kando.

Mhandisi Mwingereza Guy Callendar alilifufua mwaka wa 1938. Mwaka wa 1958 Charles Keeling alianza kupima hewa katika mlima Mauna Loa, Hawaii, na kukuta takriban sehemu 315 za gesi hiyo kwa kila milioni. Kufikia mwaka wa 2024 zilikuwa zimepita 420.

Mwaka wa 1988 Shirika la Hali ya Hewa Duniani na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao jijini Nairobi, yaliunda jopo la wataalamu wa tabianchi, IPCC. Ripoti yake ya 2021 ilikadiria kwamba gesi hiyo ikiongezeka maradufu, joto litapanda kwa takriban nyuzi 3, chini ya jibu la Arrhenius. Tofauti na kitabu chake, ripoti za jopo hilo hueleza pia ni nani watakaokosa mvua, ni nani watakaofikiwa na bahari, na ni nani wasio na uwezo wa kuhama.