Miangul Jahanzeb, Wali wa mwisho wa Swat

Nyinyi mlioko Dubai na Sharjah mnawajua Mapathani. Ndio madereva wa teksi na malori, ndio mafundi wa majumba. Waulizeni kwao wapi, na wengi watakwambieni Swat. Basi leo nataka nikupeni habari za mtu ambaye wazee wa huko hawachoki kumtaja: Miangul Jahanzeb, Wali wa mwisho wa Swat.

Swat ni bonde la mto katika milima ya kaskazini mwa Pakistan. Babu wa baba yake alikuwa sheikh mkubwa, Saidu Baba, aliyefariki mwaka 1877. Baada yake koo zikawa hazielewani, kila mtu na bunduki yake. Mwaka 1917 Abdul Wadud, baba yake Jahanzeb, akashika utawala. Akaziunganisha koo, akakusanya silaha, akajenga ngome na barabara. Waingereza walimtambua mwaka 1926 na kumpa cheo cha Wali.

Jahanzeb alizaliwa Saidu Sharif mwaka 1908, akapelekwa kusoma Peshawar, Islamia College. Swat ilijiunga na Pakistan mwaka 1947, lakini ikabaki na mtawala wake na mambo yake ya ndani. Tarehe 12 Desemba 1949 mzee alimwachia mwanawe kiti, naye yu hai. Hilo si jambo la kila siku kwa watawala.

Alipokwisha kukaa, Wali alianza na skuli. Alizijenga mpaka vijiji vya juu milimani, na watoto wakasoma bila malipo. Mwaka 1952 ikafunguliwa Jahanzeb College, na vijana wakapata elimu ya juu hapo hapo kwao. Wasichana nao hakuwasahau, na hii ni nchi ambayo baba wengi walikuwa hawataki hata kusikia. Katika miaka ya 1960 aliwapa masista Wakatoliki ardhi pale Sangota wafungue skuli ya wasichana. Mimi mwenyewe, mtoto wa Kiislamu, nimesomeshwa sekondari na wamisionari, na dini yangu ninayo mpaka leo. Kwa hiyo uamuzi ule naufahamu vizuri: alitaka walimu wazuri, basi.

Alijenga pia hospitali na jumba la makumbusho la vitu vya kale vya Kibudha vilivyochimbwa bondeni. Kesi nazo zilikuwa haziozi. Watu walisema shauri lao kwa mdomo, hukumu ikatoka kwa siku chache, na asiyeridhika alifika mpaka kwa Wali mwenyewe.

Lakini tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Neno la mwisho lilikuwa lake. Vyama vya siasa havikuwa na nafasi, na aliyempinga alijua atakiona. Tena vijana aliowasomesha mwenyewe wakaanza kuuliza: mbona mtu mmoja anaamua yote? Mwalimu yeyote anajua, ukimfundisha mtoto kusoma huwezi kumchagulia atakachouliza.

Mwaka 1969 Rais Yahya Khan alizifuta dola za Swat, Dir na Chitral. Jahanzeb akaondoka madarakani bila vita, akaishi kwao Saidu Sharif mpaka alipofariki mwaka 1987.

Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya niandike. Zilipokuja mahakama za serikali, kesi zikawa zinakaa miaka. Watu walichoka, na mwaka 1994 wako waliochukua silaha wakidai sharia. Kati ya 2007 na 2009 wapiganaji wakalishika bonde na kulipua skuli nyingi, za wasichana hasa. Ile ya Sangota nayo ikabomolewa.

Hebu tupime. Haki ya haraka ilimtegemea mtu mmoja, na alipoondoka ikaondoka naye. Skuli hazikumtegemea tena. Zilikuwa zimeshazaa walimu, na wazazi walioonja faida ya elimu. Ndiyo maana Sangota ilifunguliwa tena mwaka 2012, na ndiyo maana Malala Yousafzai, binti wa Mingora, alikuwa tayari kuhatarisha roho yake ili aende skuli. Amezaliwa miaka kumi baada ya Wali kufa. Hakumwona kabisa, lakini bonde alilokulia lilikuwa limeshajua binti anaweza kusoma.