Robert Holley: mtafiti wa hamira ambaye kazi yake yawahusu wavuvi wa Mweru

NCHELENGE. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Ziwa Mweru limekuwa mpaka kati ya Jumuiya na Zambia. Kipindupindu hakiujui mpaka huo. Wagonjwa wa Nchelenge, kama wale wa Kilwa ng'ambo ya Kongo, huhitaji kwanza maji yenye chumvi na sukari, na waliozidiwa huongezewa doksisaiklini. Sababu ya dawa hiyo kufanya kazi inahusiana na utafiti wa Mmarekani Robert Holley.

Holley alizaliwa Urbana, Illinois, mwaka 1922, mtoto wa walimu. Alisomea kemia, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1947. Wakati wa vita alishiriki utafiti wa kutengeneza penisilini maabarani, kisha akachunguza homoni za mimea.

Baadaye aligeukia protini. Kila chembe hai hujenga protini kwa asidi amino, na mchukuzi anayezifikisha kwenye ribosomu, karakana ya chembe, huitwa tRNA. Kwa miaka kadhaa Holley na wenzake walichuja hamira nyingi ya mikate ili kupata gramu 1 tu ya mchukuzi mmoja. Mwaka 1965 walitangaza mpangilio wa viungo vyake 77. Hakuna RNA iliyokuwa imesomwa yote kabla ya hapo. Mwenzake, Elizabeth Keller, ndiye aliyependekeza umbo lake. Nobel ya mwaka 1968 walipewa Holley, Khorana na Nirenberg; Keller hakuwamo.

Doksisaiklini humzuia mchukuzi huyo kutua kwenye ribosomu ya bakteria, nao hukosa protini na kushindwa kuongezeka. Mwaka 1986 ilibainika pia kuwa utengenezaji wa klorofili katika majani huanza na asidi amino iliyobebwa na tRNA. Hata kijani cha kisamvu cha Luapula hupitia kwake.

Holley alifariki dunia California mwaka 1993, akiwa na miaka 71.

Bakteria nao wana mbinu za kuishinda dawa. Ikimezwa ovyo Kilwa, usugu utavuka kwa mtumbwi hadi Nchelenge, na kurudi. Nchi hizi mbili zina kila sababu ya kuilinda pamoja.