Edward Blyden, mutu aliyerudi na kutetea wale aliowakuta

Katika kisiwa cha Saint Thomas, bahari ya Karibe, kuko muji mudogo wa bandari wenye kuitwa Charlotte Amalie. Miaka karibu mia mbili iliyopita, wakati kisiwa kilikuwa chini ya Denmark, watu wawili wenye dunia inawajua mpaka leo walizaliwa mule. Camille Pissarro, mutoto wa mufanya biashara Muyahudi, alizaliwa tarehe 10 Julai 1830, akaenda Ufaransa na kuwa muchoraji mukubwa. Edward Wilmot Blyden, mutoto wa wazazi weusi, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1832.

Wote wawili walijua kukimbia. Wakati wa vita ya 1870 Pissarro alikimbilia London. Aliporudi Ufaransa 1871, alikuta askari wa Prusia walikaa mu nyumba yake na kuharibu sehemu kubwa ya kazi yake. Wanamemba wengi wa shirika letu hawana lazima ya kuelezwa vile alijisikia. Lakini leo tunataka kuongea zaidi juu ya Blyden, sababu maisha yake inagusa swali lenye tunakutana nalo katika kila kijiji: mutu akirudi, anapashwa kuishi namna gani na wale hawakuondoka?

Wazazi wa Blyden walikuwa watu huru, hata kama utumwa ulikuwa ungali kwenye kisiwa mpaka 1848. Baba alikuwa fundi wa kushona nguo, mama mwalimu. Mutoto alikuwa mwepesi sana kwa luga. Pasta mumoja Mumarekani alimutia moyo asomee uchungaji, na mwaka 1850 akaenda Marekani kutafuta masomo. Masomo ya teolojia aliyoomba ilimukatalia juu ya rangi ya ngozi. Mwaka ule ule sheria kali ya kukamata watumwa waliotoroka ilipitishwa, na mutu mweusi, hata aliyezaliwa huru, hakuwa tena na usalama. Basi akapanda meli kwenda Liberia. Alifika Monrovia mwezi wa Januari 1851, akiwa na miaka 18.

Liberia ilikuwa inchi ya waliorudi. Watu weusi kutoka Marekani walianza kuletwa pale katika miaka ya 1820, na inchi ikapata uhuru 1847. Blyden alisoma pale, akafundisha, na mwaka 1858 akawa mukubwa wa masomo na kubarikiwa kuwa pasta. Kuanzia 1862 alifundisha Kigiriki na Kilatini katika Liberia College, na kati ya 1864 na 1866 alikuwa waziri wa mambo ya inje.

Lakini aliona kitu kilichomuumiza. Wale waliorudi walikuwa wachache, wakikaa sana-sana pembeni ya bahari. Serikali ilikuwa yao, biashara pia. Wenyeji kama Wakru, Wavai, Wagola na Wakpelle walikuwa wengi kuwapita mbali, lakini hawakuwa na kura. Watu waliokimbia kizuizi kule Marekani walijenga kingine kwa mikono yao wenyewe. Ni katika mwaka 1904 tu njo serikali iliwakubali wenyeji kuwa raia, miaka 57 kiisha uhuru.

Blyden hakunyamaza. Alisema wenyeji wako na sheria zao, akili yao na dini yao, na aliyerudi anapashwa kukaa chini ajifunze kwao. Alijifunza Kiarabu ili aongee na Waislamu wa ndani ya inchi, na 1866 alisafiri mpaka Misri na Libani kwa ajili ya luga hiyo. Mwaka 1872 alifika Falaba na 1873 Timbo, mbali na bahari. Alipokuwa kiongozi wa Liberia College, alitaka wasichana na watoto wa ndani ya inchi wasome pia. Kitabu chake cha 1887 kilitetea heshima ya Waislamu, hata kama yeye alikuwa amekuwa pasta.

Alilipa bei. Mwaka 1871, katika fitina ya siasa, kundi la watu lilimukokota kwa kamba katika barabara za Monrovia, akakimbilia Freetown, Sierra Leone. Mwaka 1885 aligombea uraisi, akashindwa.

Hatumufanyi kuwa malaika. Aliwachukia machotara na kuwawekea makosa mengi ya Liberia, kisha alitumainia sana utawala wa Waingereza. Yule aliyebomoa ukuta mumoja alijenga mwingine kidogo pembeni.

Blyden alikufa Freetown tarehe 7 Februari 1912. Ukuta wa Liberia ulibaki. Utawala wa wana wa waliorudi ulianguka kwa damu mwaka 1980, na kuanzia 1989 mpaka 2003 inchi ilipita katika vita vikali.

Sisi tunaotembea katika vijiji tunaona ukuta kama huo unaanza na vitu vidogo. Mabati, mbegu na majembe vinapelekwa kwa aliyerudi tu, na jirani yake anasimama anaangalia: yule aliyelinda mipaka ya shamba wakati wa vita, ao aliyelala inje ili wageni walale ndani. Kwa wafadhili wetu, tunaomba musituone kama tunapoteza feza tunapoweka jina la jirani huyo katika orodha. Na kwa wanamemba: mbele ya kupima kiwanja, twende kwanza kwa aliyebakia, tukae, tumuulize.