Canada Lee na maneno aliyoyakata

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Leonard Lionel Cornelius Canegata. Alipoanza ndondi, mtangazaji mmoja ukumbini alishindwa kulitamka, akaligeuza, na Lee Canegata akawa Canada Lee. Mwenyewe alilikubali jina hilo na kuishi nalo hadi kufa. Sisi wa isimu hatushangai: majina mengi yamezaliwa hivyo, ulimi wa mgeni ulipojikwaa.

Alizaliwa New York mwaka 1907, katika familia yenye asili ya visiwa vya Karibi. Utotoni alijifunza fidla, akatoroka nyumbani akawe mpanda farasi wa mashindano, kisha akaingia ulingoni mpaka jicho moja likaharibika. Ndipo alipogeukia jukwaa. Orson Welles alimpa nafasi ya Banquo mwaka 1936, na mwaka 1941 ile ya Bigger Thomas katika tamthilia iliyotokana na riwaya ya Richard Wright. Hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane.

Hollywood ya wakati huo ilikuwa na kazi chache kwa mtu mweusi. Katika filamu za kusisimua alikuwa mpishi, mbeba mizigo wa treni, au mtumishi anayetetemeka ili watazamaji wacheke, na lahaja yake iliandikwa na watu wasioisema nyumbani kwao. Hitchcock alipomchukua kwa ajili ya Lifeboat, iliyotoka mwaka 1944, naye alipewa nafasi ya mhudumu wa meli, Joe. Meli imezamishwa na Wajerumani, na walionusurika wamebanana katika mashua moja. Mwanamke tajiri anamwita Joe kwa jina la mkaa.

Lee aliyapitia maneno aliyoandikiwa na kuyapunguza, hasa yale majibu ya utiifu yaliyorudiwa kila Mzungu aliposema naye. Aliyewahi kusikia wazee wetu wakisimulia jinsi boyi alivyomjibu bwana wake enzi za Wabelgiji hahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo mafupi. Joe aliyebaki husema kidogo. Tajiri mmoja anapokwama katikati ya zaburi ya maziko ya mtoto mchanga, Joe ndiye anayeimalizia. Wenzake wanapomvamia Mjerumani na kumuua, yeye hashiriki.

Hata hivyo John Steinbeck, aliyeandika hadithi ya kwanza, alikasirika. Aliona kwamba mtu mweusi mwenye heshima aliyemwandika amegeuzwa kichekesho cha siku zote, akaomba jina lake liondolewe kwenye filamu. Halikuondolewa. Kwangu mimi Steinbeck ana haki: Joe amepewa historia ya wizi wa mifukoni, na wengine wanautumia ujuzi huo wanapouhitaji. Lakini sikilizeni sauti yenyewe. Haibembelezi mtu, na hilo halikutoka kwa mwandishi yeyote.

Mwaka 1949 jina lake lilitajwa katika nyaraka za FBI zilizosomwa mahakamani, katika kesi isiyomhusu. Studio na redio zikamfungia milango. Filamu yake ya mwisho, Cry, the Beloved Country, ilipigwa Afrika Kusini, naye aliigiza humo mchungaji Stephen Kumalo. Ili yeye na kijana Sidney Poitier waruhusiwe kuingia nchini, mwongozaji Zoltan Korda aliwaandikisha kama watumishi wake. Lee alifariki New York, Mei 1952, akiwa na miaka 45.