Geoffrey Winthrop Young

Geoffrey Winthrop Young (London, 25 Oktoba 1876 – 8 Septemba 1958) alikuwa mpanda milima, mshairi na mwalimu kutoka nchini Uingereza. Anakumbukwa pia kama mwandishi wa kwanza wa mwongozo wa kupanda majengo ya chuo kikuu, na kwa kupanda Matterhorn akiwa na mguu mmoja wa bandia.

Maisha ya awali

Baba yake, Sir George Young, aliacha kupanda milima baada ya ndugu yake kufariki katika ajali kwenye Mont Blanc mwaka 1866. Kwa sababu hiyo habari za milima hazikuzungumzwa nyumbani.

Geoffrey alisoma katika Trinity College, Cambridge. Huko yeye na wenzake walipanda mapaa na kuta za chuo usiku, ingawa ilikatazwa. Karibu na mwaka 1900 alitoa kitabu The Roof-Climber's Guide to Trinity bila kutaja jina lake. Kitabu hicho kilieleza njia za kupita juu ya mapaa kwa kuiga, kwa mzaha, miongozo ya milima ya Alps. Kilifuatwa mwaka 1905 na Wall and Roof Climbing.

Zama hizo viatu vya kawaida vya mlimani vilikuwa buti nzito zenye misumari kwenye soli. Misumari hiyo hushika vizuri barafu na majani yenye unyevu, lakini juu ya vigae na mawe laini ya majengo huweza kuteleza, tena hupiga kelele. Hivyo anayepanda jengo huhitaji soli laini inayoshika.

Mlimani na vitani

Young alifundisha Eton kuanzia mwaka 1900 hadi 1905. Pamoja na kiongozi wake Josef Knubel kutoka Uswisi alifungua njia mpya katika Alps. Huko Wales alikusanya vijana wapandaji, miongoni mwao George Mallory.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alihudumu katika kikosi cha magari ya wagonjwa nchini Italia. Tarehe 31 Agosti 1917 alijeruhiwa kwa mlipuko, akakatwa mguu wa kushoto juu ya goti.

Hata hivyo hakuacha kupanda. Alitumia mguu wa bandia uliotengenezwa maalumu, ambao ncha yake iliweza kubadilishwa: moja kwa ajili ya mwamba, nyingine kwa ajili ya theluji. Kwa mguu huo alifika kilele cha Matterhorn (mita 4,478) mwaka 1928.

Miaka ya baadaye

Kitabu chake Mountain Craft (1920) kilitumiwa na wapandaji wengi kujifunzia. Alikuwa rais wa Alpine Club kuanzia mwaka 1941 hadi 1944, akashiriki kuanzisha baraza la wapanda milima la Uingereza mwaka 1944.