Mwalimu Aliyeacha Kazi

Mwaka jana nilikuwa Bunda kwenye mazoezi ya kufundisha. Kila nikitaka kutoka saa kumi jioni naambiwa ualimu ni wito, na mfano unaotolewa ni yule yule wa Butiama, Julius Nyerere. Basi nikasoma maisha yake. Mbona mambo hayako hivyo!

Alizaliwa Butiama Aprili 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Tabora, Makerere, Edinburgh, hayo mnayajua. Akiwa na umri wangu, miaka 22, alikuwa Makerere akisomea ualimu kama sisi. Baadaye akafundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, huku akitembea kwa miguu kwenda mjini kwenye mikutano ya TANU, iliyoanzishwa Julai 1954. Mwajiri hakupenda mwalimu wa nusu nusu. Machi 1955, akiwa ametoka Umoja wa Mataifa, New York, ilimbidi achague. Akaandika barua ya kuacha kazi. Ana mke, familia changa, mshahara hakuna. Akarudi Musoma, na kwa miezi kadhaa riziki yake ilikuwa kumfundisha Kizanaki padri wa Maryknoll. Sehemu hii huwa wanairuka.

Januari 1962 akaacha tena, safari hii uwaziri mkuu, wiki sita tu baada ya Uhuru, akazunguka nchini kukijenga chama. Katikati ya hekaheka zote hizo alikuwa akimtafsiri Shakespeare. Julius Caesar ya Kiswahili ilitoka 1963.

Lakini Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18, aliwafukuza karibu 400. Halafu akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Namheshimu kwa hilo la pili. La kwanza linanikera bado. Yeye aliruhusiwa kuchagua.

Alistaafu urais 1985, akarudi Butiama kulima. Hata hivyo usuluhishi wa Burundi ulimshika mpaka alipofariki London, 14 Oktoba 1999.

Kaburi lake liko Butiama. Nilikwenda kuliona Jumamosi moja, siku ambayo shuleni nilipangiwa vipindi vya ziada.