Ernest Just: Bingwa wa elimu ya yai aliyekosa nafasi kwao

Mwezi uliopita, baada ya swala ya Isha, tulikuwa barazani nje ya msikiti wetu. Vijana wawili wanaosoma chuo kikuu walikuwa wakibishana juu ya seli shina, yaani zile seli changa ambazo bado hazijapangiwa kazi maalumu mwilini, na ambazo zinaweza kuja kuwa seli za damu, za moyo au za ubongo. Mmoja wao alimaliza ubishi kwa kusema kwamba elimu hiyo ni ya Wazungu na Wajapani, na kwamba sisi watu weusi kazi yetu ni kusubiri dawa iletwe na meli. Wazee tukacheka. Hakuna aliyemjibu.

Nilirudi nyumbani na dukuduku. Kijana yule hakusema kwa ubaya. Alisema alichofundishwa, na alichofundishwa ni nusu ya habari. Ndugu msomaji, leo naomba nikusimulie nusu ya pili, kwa kukueleza maisha ya mtu mmoja tu: Ernest Everett Just, Mmarekani mweusi, aliyekuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa zama zake katika kulijua yai na namna kiumbe kinavyoanza.

Just alizaliwa tarehe 14 Agosti 1883 katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina. Utumwa ulikuwa umefutwa nchini Marekani miaka 18 tu kabla yake. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Mama yake, Mary, alibaki na mzigo wa kulea. Mama huyu alifundisha shule, na alifanya kazi pia katika machimbo ya fosfeti kwenye kisiwa cha James kilicho karibu na mji huo. Tena akawahamasisha watu weusi wenzake wawe na kitongoji chao wenyewe, na kitongoji hicho kikaitwa Maryville kwa jina lake. Huyo ndiye mwalimu wa kwanza wa Just.

Utotoni aliugua homa ya matumbo ikakaribia kumuua. Alipopona alikuta kusoma kumemtoka kichwani, ikabidi aanze upya. Akiwa na miaka 13 alipelekwa Orangeburg, katika chuo cha kuwaandaa walimu weusi. Akiwa na miaka 16 alikwenda kaskazini, New Hampshire, katika shule ya Kimball Union. Alikuwa bado pale mama yake alipofariki. Yatima huyu hakurudi nyuma. Mwaka 1903 aliingia chuo cha Dartmouth, na mwaka 1907 akahitimu kwa daraja la juu ambalo hakuna mwingine katika darasa lake aliyelipata.

Sasa tujiulize: kijana wa Kizungu mwenye cheti kama hicho angekwenda wapi? Angechagua. Just hakuwa na la kuchagua. Vyuo vikuu vya Wazungu havikuajiri mwalimu mweusi, hata angekuwa na akili ya namna gani. Akaenda chuo kikuu cha Howard mjini Washington, chuo cha watu weusi, akaanza kwa kufundisha Kiingereza. Baadaye akahamishiwa upande wa elimu ya wanyama, na mwaka 1912 akawa mkuu wa idara hiyo.

Mwaka 1909 ulimfungulia ukurasa mpya. Alikubaliwa kwenda Woods Hole, Massachusetts, kwenye maabara ya viumbe wa baharini iliyoanzishwa mwaka 1888. Kila kiangazi wanasayansi wa Marekani walikusanyika pale, kwa sababu mayai ya wanyama wa baharini ni rahisi kuyachunguza: hutolewa nje ya mwili kwa wingi, na mengine unaweza kuona ndani yake kwa hadubini. Just alianza kama msaidizi wa Frank Lillie, mkuu wa zoolojia katika chuo kikuu cha Chicago.

Kazi yake ya mwanzo ilikuwa juu ya mnyoo wa baharini aitwaye Nereis, ndugu wa wale minyoo wanaochimbwa na wavuvi kwa ajili ya chambo. Mnyoo huyu hupanda juu ya maji usiku wa kiangazi kutaga, kwa kufuata mwezi. Watu wa pwani, tuliozoea kuhesabu bamvua, hatuwezi kulishangaa hilo. Just akawa anawakusanya usiku kwa taa, na mchana anakaa na hadubini. Mwaka 1912 alitoa makala yake ya kwanza. Alionyesha kwamba mbegu ya kiume inaweza kuingia mahali popote kwenye yai la mnyoo huyo, na kwamba pale inapoingia ndipo panapoamua yai litagawanyika kwa kufuata mstari upi. Yaani mwanzo kabisa wa umbo la kiumbe unafungamana na mahali mbegu ilipogusa.

Mwaka 1915 alipewa nishani ya Spingarn na chama cha kutetea haki za watu weusi cha NAACP, akiwa mtu wa kwanza kabisa kuipokea. Mwaka 1916 akapata shahada ya uzamivu kutoka Chicago.

Mwaka 1919 alitoa kazi ambayo hadi leo inahesabiwa kuwa kubwa. Alichunguza mayai ya mnyama bapa wa mviringo aishiye mchangani baharini. Swali lilikuwa hili: mbegu ni nyingi mno zinazolizunguka yai, je, kwa nini huingia moja tu? Just aliona kwamba mbegu moja ikishaingia, mabadiliko yanaanzia pale ilipoingia na kuenea juu ya uso wa yai lote mithili ya wimbi, na uso huo unakataa mbegu nyingine hata kabla utando unaoonekana haujainuka. Yai, kwa maneno mengine, si mfuko wa chakula uliolala ukisubiri. Lina uwezo wake wenyewe. Mbegu inaliamsha, na uso wake unafanya kazi.

Hapo ndipo alipogongana na wakubwa. Jacques Loeb, mwanasayansi mashuhuri wa taasisi ya Rockefeller, alikuwa amepata sifa tangu mwaka 1899 kwa kuyaanzisha mayai kukua bila mbegu, kwa kubadili chumvi za maji ya bahari. Loeb akajenga nadharia ya kemikali ya kulieleza jambo hilo. Just alirudia majaribio kwa uangalifu wake, akaona nadharia haisimami, akaandika hivyo waziwazi. Mtu mweusi kumkosoa bingwa wa Kizungu kwa ushahidi, miaka ile! Ukaribu wao ukaisha.

Ndugu msomaji, naomba uzingatie jambo hili moja. Pale Woods Hole, jaribio la mtu likiharibika, walikuwa wakimfuata Just. Yeye ndiye aliyejua namna ya kulishika yai bila kulidhuru: chombo kiwe safi kiasi gani, maji yawe na joto gani, yai lipevuke kiasi gani. Alishikilia kwamba ukilitesa yai, utakachokiona ni mateso yake, si tabia yake. Walichukua ujuzi wake kwa mikono miwili. Lakini kiangazi kikiisha, wao walirudi kwenye vyuo vyenye maabara na fedha, naye alirudi Howard kwenye mzigo mzito wa kufundisha na vifaa haba. Alikwenda Woods Hole kwa takriban miaka 20, akaandika makala zaidi ya 70 katika maisha yake, na hakuna chuo kikuu kikubwa cha utafiti cha Wazungu kilichompa nafasi. Hata Lillie, aliyemfundisha na kumthamini, hakumpeleka Chicago.

Basi akatafuta pumzi kwingine. Mwaka 1929 alikwenda Naples, Italia, kwenye kituo cha utafiti wa bahari. Mwaka 1930 alialikwa Berlin, katika taasisi ya Kaiser Wilhelm, iliyokuwa na majina makubwa ya sayansi duniani. Huko alipokewa kama mwanasayansi. Mwaka huo huo alikwenda Woods Hole kwa mara ya mwisho, hakurejea tena. Lakini mwaka 1933 Wanazi walishika madaraka Ujerumani, na mji uliomheshimu ukawa hauwezi kuwa makazi ya mtu mweusi. Akaangukia Ufaransa, akafanya kazi Paris na kwenye kituo cha Roscoff kilichoko pwani.

Sitaki kumfanya mtu huyu malaika. Aliacha mke na watoto watatu Marekani, akaoa mwanamke wa Kijerumani. Wanafunzi wake wa Howard walibaki bila mwalimu wao, na uongozi wa chuo ulilalamika kwamba yuko nje mno. Malalamiko hayo hayakuwa bure. Mtu akikimbia dhuluma, wapo wanaolipa gharama nyuma yake, na mara nyingi ni wale wasiomdhulumu.

Mwaka 1939 alichapisha vitabu viwili. Kimoja ni cha mbinu za majaribio ya mayai ya baharini. Kingine, juu ya elimu ya uso wa seli, ndicho kilichobeba fikra zake zote. Wakati wanasayansi wengi walielekeza macho kwenye kiini cha seli na jeni zilizomo, yeye alisisitiza kwamba ute unaokizunguka kiini, na hasa tabaka lake la juu, navyo vina neno katika kuamua kiumbe kitakavyokuwa. Katika kulitetea hilo alivuka mpaka, akazipunguzia jeni uzito kuliko ilivyo kweli. Lakini msingi wake haukuwa upuuzi.

Mwaka 1940 Wajerumani waliivamia Ufaransa, naye akawekwa kambini. Serikali ya Marekani ilisaidia akatolewa, akarudi kwao akiwa mgonjwa. Alifariki Washington tarehe 27 Oktoba 1941 kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 58.

Sasa nirudi kwa kijana wetu wa barazani. Mwaka 1962 Mwingereza John Gurdon alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakitia kwenye yai la chura lililoondolewa kiini chake. Baadhi ya mayai ya namna hiyo yalikua. Maana yake, ute wa yai uliweza kukirudisha nyuma kiini kilichokwisha kupangiwa kazi, kikaanza upya. Mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka akazirudisha seli za panya aliyekomaa kwenye hali ya uchanga bila kutumia yai wala kiinitete, na mwaka 2012 wawili hao wakapewa tuzo ya Nobel. Sisemi kwamba walichukua kwa Just. Nasema kwamba swali la nini kilichomo ndani ya yai nje ya kiini, ambalo limeufungua mlango wa seli shina, mtu mweusi alikuwa amelikalia kwa miaka 30 kabla yao.

Nasi Waislamu jambo hili limetugusa. Mwaka 2003 Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, lilikaa kulijadili. Likaruhusu seli shina zitokanazo na njia kama damu ya kitovu na watu wazima walioridhia, na kukataza kutengeneza viinitete makusudi ili vitumiwe. Wanazuoni waliweza kupambanua kwa sababu walielewa kinachozungumzwa. Je, kizazi kijacho kitaelewa kama sisi barazani tunacheka?

Nilipokuwa sekondari, shule yetu ilikuwa na hadubini moja. Ilifungiwa kabatini miaka minne, tukaiona siku mbili, na ufunguo ulishikwa na mtu aliyeogopa tutaivunja. Hakuna Mzungu aliyetufungia kabati lile. Just alifungiwa na ubaguzi wa rangi. Watoto wetu wengi wanafungiwa na sisi wenyewe, na binti anayependa sayansi anafungiwa mara mbili.

Marekani ilimkumbuka Just kwa kumwandikia wasifu mwaka 1983 na kutoa stempu yenye sura yake mwaka 1996. Vizuri, lakini stempu haimrudishii mtu maabara. Tafiti ambazo hakuzifanya kwa kukosa fedha na nafasi zimepotea, na aliyepoteza si yeye peke yake.

Ijumaa hii, inshaallah, nitamtafuta yule kijana nimpe jina hili akalisome. Wewe unayefundisha baiolojia katika shule zetu, nakuomba ulitaje darasani siku utakapofika kwenye somo la yai na mbegu. Na kama kuna hadubini kabatini, itoe.